Kilo ya mbegu za nyasi ina punje ngapi hai?

SWALI: Mtaalamu, msimu uliopita nilimwaga mbegu za nyasi ya asili (Cenchrus ciliaris) kwenye nusu ekari, nikafukia kwa jembe. Iliota michache na magugu yakaimeza. Mashina yaliyopona yalipotoa masuke niliyakata yote siku moja nikaanika juani. Nikichanganya na nilizookota porini, nina kilo 2. Wiki sita baada ya kuvuna nilijaribu kuotesha mbegu 100, zikaota 8. Nataka ekari moja ya kuzalisha mbegu za kuuza. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye hizo kilo 2, maana shambani bado hujafika. Unachokiita mbegu ni kifuko cha manyoya. Katika nyasi hii kila kifuko kimezungukwa na nywele ngumu, ndani yake mna vishuke kimoja hadi vinne, na punje, kama ipo, imejificha ndani ya kishuke. Mara nyingi haipo. Kifuko kitupu na chenye punje vinafanana machoni, na mkononi vyote ni vyepesi kama pamba. Mahindi unaweza kupanda kwa kilo, lakini nyasi za asili hupandwa kwa hesabu ya punje hai, yaani zilizo tayari kuota. Hilo la hesabu ndilo lililokuangusha msimu uliopita, hata kabla ya magugu.

Swali la kwanza ni hili: zile 92 ambazo hazikuota zilikuwa tupu, au zilikuwa zimelala? Jaribio lako halijibu, kwa hiyo fanya lingine. Changanya mbegu zote vizuri, chota kidogo kidogo juu, katikati, chini na pembeni, kisha hesabu vifuko 100 bila kuchagua vinene. Viweke vichache vichache juu ya kandambili kuukuu na usugue taratibu kwa kandambili ya pili mpaka manyoya na makumvi yaachie. Punje iliyokomaa utaitambua. Ni ndogo, ya rangi ya kahawia hafifu, imetuna, na ukiibana kwa ukucha haibonyei. Ile iliyosinyaa, bapa, yenye ukijani, ilikatwa kabla ya wakati wake. Usiihesabu.

Sasa linganisha. Ukikuta vifuko 50 au 60 vina punje ngumu huku vilivyoota ni 8 tu, mbegu zako ni nzima ila zimelala. Ukikuta 12 au 15 tu vyenye punje, tatizo ni uvunaji, na hakuna dawa itakayojaza kifuko kitupu. Kwa jinsi ulivyovuna, nadhani utakuta mchanganyiko wa yote mawili.

Kuhusu kulala: mbegu mbichi za Cenchrus ciliaris kwa kawaida hazioti vizuri miezi ya mwanzo baada ya kuvunwa. Uotaji hupanda kadiri zinavyokaa mahali pakavu, na nyingi huhitaji miezi 6 hadi 12. Kupima baada ya wiki sita ni kumwamsha mtu usiku wa manane ukamlaumu kwa kusinzia. Themeda triandra, nyasi nyingine ya asili, nayo huhitaji karibu mwaka, na moshi huisaidia kuamka. Ziweke kwenye gunia linalopitisha hewa, mahali pakavu penye joto la kawaida la chumba. Usizitie kwenye friji kwa wakati huu. Baridi hurefusha maisha ya mbegu, lakini huchelewesha pia huko kuamka. Wengi huharibikiwa hapo, wakidhani wanatunza mbegu kumbe wameurefusha usingizi wake.

Ukiwa na haraka, kusugua makumvi kama ulivyofanya kwenye jaribio huamsha sehemu ya mbegu. Maabara za mbegu hulowesha karatasi ya kuoteshea kwa maji yenye naitreti ya potasiamu, gramu 2 kwa lita moja. Hizo ni njia za kupimia au za kitalu kidogo. Kwa shamba, subira hufanya kazi nzuri zaidi na haivunji punje.

Kila baada ya miezi miwili rudia kipimo cha uotaji, safari hii kwa makundi manne ya vifuko 100. Tandaza tishu tabaka tatu kwenye sahani, lowesha bila maji kutuama, panga vifuko visigusane, funika kwa plastiki inayopitisha mwanga, weka penye joto la nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi mchana. Hesabu siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kifuko kilichotoa miche miwili kihesabu kimoja. Mche wenye jani bila mzizi usiuhesabu. Kundi moja likitofautiana sana na mengine, hukuchanganya vizuri ulipochota.

Baada ya hapo ndipo hesabu. Pima gramu 1 ya vifuko na uhesabu vimo vingapi, rudia mara tano, chukua wastani. Tuchukulie umepata 400. Ikiwa 8 katika 100 huota, gramu moja ina mbegu hai 32, na kilo zako 2 zina 64,000. Ekari moja yenye mistari ya sentimita 60 ina takriban mita 6,700 za mistari. Kwenye shamba la mbegu tunataka mbegu hai zipatazo 60 kwa kila mita, kwa sababu nyingi hufa kabla ya kushika, hivyo ekari inadai mbegu hai kama 400,000. Za kwako zitatosha mita 1,070 za mstari, yaani mita za mraba 640 hivi. Hiyo ni chini ya moja ya sita ya ekari, nawe ulimwaga mbegu kama hizo kwenye nusu ekari nzima. Huenda miche ilikuwa michache kwa sababu mbegu hai zilikuwa chache tangu mwanzo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha ekari kwa sasa. Otesha miche kitaluni, upande robo ekari, uitunze kwa macho mawili. Kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, robo ekari inachukua miche 5,600. Tukikadiria kwa tahadhari kwamba mbegu hai nne zitatoa mche mmoja wa kupanda, unahitaji mbegu hai 22,400, ambazo kwa kiwango chako cha sasa ni gramu 700 tu. Zinazobaki ni akiba, na kila mwezi unaosubiri huenda zikawa na thamani zaidi.

Tuta la kitalu liwe na upana wa mita 1, na urefu wa jumla mita 37, ambao unaweza kuugawa kwenye matuta manne. Udongo wa juu sehemu mbili, mchanga sehemu moja, samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Samadi mbichi itakuletea magugu ambayo huyahitaji. Chora vifereji vya kukata upana wa tuta, kila sentimita 10, sia gramu 2 hivi za vifuko kwa kila mita ya kifereji, funika kwa mchanga usiozidi sentimita 1, kandamiza kwa ubao. Mwagilia kwa matone madogo, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili za kwanza. Sisimizi hubeba vifuko kimoja kimoja usiku. Ukiona njia yao, ifuatilie mpaka kwenye tundu, au asubuhi utamwagilia mchanga mtupu.

Wakati miche inakua, ushughulikie shamba. Adui wa shamba la mbegu za nyasi ni nyasi nyingine. Gugu la majani mapana utaling'oa ukilitazama tu, na mbegu zake mara nyingi hutenganika kwenye chekecheke. Nyasi-gugu yenye mbegu za ukubwa uleule ikishaingia kwenye mavuno haitoki tena. Lima mapema, sawazisha, acha mvua ya kwanza inyeshe au umwagilie, magugu yaote, kisha yafyeke kwa jembe likiingia sentimita 2 au 3 tu ndani ya udongo. Ukilima kwa kina tena unaleta juu mbegu nyingine za magugu zilizokuwa zimezikwa. Rudia mara mbili, na mara tatu ikiwa shamba hilo lilikuwa malisho.

Umbali na nyasi nyingine unategemea aina. Cenchrus ciliaris kwa sehemu kubwa huzaa mbegu ambazo ni nakala ya mama, hivyo mita chache zinatosha kuzuia mchanganyiko wa kubebwa na upepo au miguu. Chloris gayana, nyasi nyingine ya malisho, ni tofauti. Chavua yake husafiri na upepo na mimea huchavushana. Kwa nyasi za malisho zinazochavushana hivyo, kanuni za Umoja wa Ulaya hudai mita 200 kwa shamba lisilozidi hekta 2 linalotoa mbegu za kuzalishia mbegu, na mita 100 kwa mbegu za kupandia malisho. Hata usipofungwa na kanuni hizo, ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Hiyo habari ya nakala ya mama ina upande wa pili. Ukiokota mbegu porini kutoka mashina matano, una aina tano tu za mimea shambani, hata ukipata gunia. Kusanya kutoka mashina 50 au zaidi yaliyoachana, kwa siku tofauti, ili usibebe yanayowahi kukomaa peke yake, na usichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa mahali hapo siku hiyo.

Miche ikifikisha wiki sita hadi nane na kutoa machipukizi matatu au manne pembeni, iko tayari. Mwagilia tuta jioni, ng'oa asubuhi, kata majani yabaki sentimita 10, chovya mizizi kwenye uji wa udongo, panda siku hiyohiyo udongo ukiwa umelowa. Shingo ya mche, pale majani yanapoachana na mizizi, iwe sawa na uso wa udongo. Ukiizika chini zaidi, chipukizi linaoza.

Ukiwa siku moja na mbegu za kutosha kupanda moja kwa moja, kumbuka mambo mawili. Udongo uwe laini juu lakini umeshindiliwa: ukikanyaga, kisigino kisizame zaidi ya sentimita 1. Na kina kisizidi sentimita 1, jambo ambalo jembe la mkono haliwezi kulipima. Uliponifahamisha kwamba ulifukia kwa jembe, nilijua kuwa hata zile chache zilizokuwa hai hazikupata nafasi. Changanya vifuko na mchanga wenye unyevu kidogo ili vidondoke bila kushikana manyoya, pandia kwenye vifereji siku isiyo na upepo, kandamiza.

Mche wa nyasi uliopandwa hivyo una hatari ambayo haionekani. Mwanzoni unaishi kwa mzizi mmoja mwembamba uliotoka kwenye punje. Mizizi ya kudumu hutoka kwenye shingo, karibu kabisa na uso wa udongo, wiki mbili hadi nne baada ya kuota, na haitoki kwenye udongo mkavu. Unahitaji siku mbili tatu mfululizo ambazo sentimita za juu zina unyevu. Zisipopatikana, mche unabaki kijani kwa muda, unasimama kama mzima, kisha upepo unauyumbisha na kuukata. Watu husema mchwa. Ng'oa mmoja uangalie: ukikuta mzizi mmoja tu, ilikuwa kiu. Kwa hiyo ukiwa na maji kidogo, usiyamalize wiki ya kuota, weka akiba ya wiki ya tatu.

Msimu wa kwanza palilia na usitarajie mengi. Usiweke mbolea ya naitrojeni miche ikiwa midogo, maana unalisha magugu. Msimu wa pili, mvua zinapoanza, kata mashina yote kwa usawa, sentimita 10 kutoka ardhini, na uondoe majani yaliyokatwa. Lengo ni kufanya machipukizi yote yaanze pamoja ili masuke yatoke kwa kukaribiana. Mara baada ya hapo, udongo ukiwa na unyevu, weka naitrojeni kilo 50 kwa hekta. Kwa robo ekari ni urea kilo 11, yaani gramu 6 au 7 kwa kila mita ya mstari, ifukiwe kidogo. Ukizidisha, nyasi itakuwa ndefu, italala, na utavuna majani. Tangu suke likiwa bado limefungwa ndani ya jani hadi kuchanua, shamba lisikose maji. Kiu ya siku hizo ndiyo inayojaza magunia vifuko vitupu. Na wakati wa kuchanua mwagilia kwenye mifereji, si kwa kunyunyizia juu, kwa sababu maji huosha chavua.

Pita kwenye mistari masuke yanapotoka na ung'oe shina lolote la nyasi ngeni. Suke linalotoa utomvu wa kunata au lililogeuka unga mweusi ni la ugonjwa. Likate, litie kwenye mfuko hapohapo, lichome nje ya shamba. Usilikung'ute.

Sasa uvunaji, ambako ndiko ulikopoteza zaidi. Tazama shina moja la nyasi hii kwa karibu. Suke moja limeshapukutika nusu na kubaki uti mtupu juu, la pili limekauka na kugeuka rangi, la tatu bado lina punje za maziwa, na la nne liko ndani ya jani. Hata kwenye suke moja, juu hukomaa kabla ya chini. Ukikata yote siku moja, zilizo bora zimeshadondoka na nyingi ulizobeba hazijajaa. Hakuna siku moja ya kuvuna nyasi za asili.

Vuna kwa kupukusa. Funga mfuko kiunoni, shika suke kwa chini kati ya vidole, vuta kuelekea juu kwa nguvu ndogo. Kinachoachia kimekomaa, kinachogoma kiache. Usikaze vidole hata kidogo zaidi, maana ndipo mbegu mbichi zinapoingia. Rudi baada ya siku 5 hadi 7, mfululizo kwa wiki tatu hadi tano. Anza umande ukishakauka. Ukikuta vifuko vichache chini ya mashina, umefika kwa wakati. Usipokuta hata kimoja, umewahi mno. Ndege wakianza kushuka kwa makundi, ongeza mizunguko badala ya kukata mapema.

Kama huna watu wa kupukusa, subiri mpaka masuke kama robo yameanza kupukutika ncha, sugua machache mkononi na ubane punje kwa ukucha. Zikiwa nyingi ngumu, kata masuke kwa mundu, yatie kwenye turubai palepale. Yarundike kivulini kwa siku tatu au nne yakiwa yamefunikwa kwa majani, ili mbegu ziachie zenyewe. Tia mkono ndani ya rundo asubuhi na jioni. Uvuguvugu ni sawa, lakini joto la kukufanya uutoe mkono haraka linaua mbegu, basi pindua rundo mara moja. Kisha kung'uta. Hupati mavuno ya kupukusa, ila ni bora kuliko ulivyofanya.

Mbegu iliyotoka shambani bado ina maji mengi, na jua kali la siku ya kwanza huiumiza. Tandaza kivulini unene usiozidi sentimita 5, pindua mara nne au tano kwa siku kwa siku tatu nne, ndipo uipe jua la asubuhi. Lengo ni unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Kipimo cha nyumbani ni chumvi kavu kabisa: vijiko viwili kwenye chupa kavu ya kioo, jaza mbegu nusu chupa, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishikana kwenye kioo, rudisha turubaini. Isiposhikana, anika siku mbili zaidi, kwa sababu chumvi hutulia unyevu ukiwa bado juu ya lengo letu.

Ondoa vijiti kwa chekecheke, kisha pepeta kwa ungo kivulini pasipo upepo mkali. Sugua vifuko 100 vya kilichobaki na 100 vya kilichoruka. Ukikuta punje nyingi kwenye makapi, unapepeta kwa nguvu kupita kiasi. Njia ya kuelesha majini haifai hapa, maana manyoya hushika hewa na hata kifuko chenye punje huelea.

Hifadhi kwenye magunia yanayopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta, hadi usingizi uishe. Baada ya hapo, kwa zile utakazokaa nazo zaidi ya mwaka, zikaushe tena, zifunge kwenye vyombo visivyopitisha hewa, na sasa baridi inaruhusiwa. Kila mfuko uwe na kibandiko kinachoonyesha jina la nyasi, mahali mbegu mama ilikotoka, ni kizazi cha ngapi tangu porini, tarehe ya kuvuna, asilimia iliyoota na tarehe ya kipimo hicho. Pima upya kila miezi sita. Mfuko ulioshuka uuze kwa asilimia yake mpya, na mnunuzi umpigie hesabu ya kilo anazohitaji kwa mita za mistari yake, kama tulivyofanya kwa kilo zako 2.